Vidonge Vyenye Uzi wa Bluu

Fundi aliyenishonea suruali zangu zote tangu nirudi Mpanda amefariki dunia. Habari zilinifikia Alhamisi moja asubuhi nikiwa maabara, jicho kwenye hadubini, na nikamwomba aliyenipigia simu arudie, maana wiki iliyotangulia nilipita barazani kwake Kawajense nikamkuta anakanyaga cherehani na kunitania kama kawaida. "Amekufa na nini?" nikauliza. Jirani yake akanijibu kwa sauti ya mtu anayeona swali halina uzito: "Kamalaria tu, ndugu yangu. Kalimrudia." Nilikata simu, na kilichonijia, niseme ukweli, hakikuwa kilio. Kilikuwa kinyaa. Kinyaa cha mji mzima uliozoea kumzika mtu mwenye afya yake kwa ugonjwa wenye dawa, halafu unaupa ugonjwa huo jina la kubembeleza kama unamwita paka.

Wasomaji wangu mnanijua, sina haya ya kujisifu pale ninapostahili. Niliondoka Mpanda kwa treni, daraja la tatu, na begi moja ambalo zipu yake nilikuwa nimeifunga kwa waya. Sikuwa na mjomba mkubwa wala barua ya mtu. Niliuza mayai ya kuchemsha, nikabeba mizigo, nikajisomesha mwenyewe mpaka nikapata diploma ya sayansi ya maabara, na nilipochoka kupimia watu wa mijini damu zao nikarudi nyumbani nikajenga maabara yangu, vyumba vitatu, vigae mpaka chooni. Diploma yenyewe nimeitundika ukutani mahali ambapo hata aliyekuja kuleta kikopo cha mkojo hawezi kutoka bila kuiona. Marehemu ndiye aliyenipa jina la utani kwa ajili hiyo. Kila nikitokea kwenye kona alipaza sauti, "Diploma huyo! Sogezeni benchi, msomi asikae kwenye vumbi!" Na wateja wake wakacheka, na mimi nikakaa, nikijua kwamba ananitania na kwamba nusu ya utani huo ni heshima.

Alikuwa mtu safi. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu nitakayoyasema hayamhusu mzembe wala mjinga. Mkasi wake haukuguswa na mtu mwingine. Vitambaa vilivyobaki hakuvitupa, alivikunja kwa ukubwa na rangi. Vifungo alivipanga kwenye visahani, na nyuzi zote zilikaa kwenye misumari ukutani kwa mpangilio ambao angeweza kuufuata akiwa amefumba macho. Kwa miaka yake sitini na kitu hakuwahi kumaliza kazi bila kubakiza kitu cha kumfaa mtu mwingine. Mabaki ya kitenge yalikuwa mifuko ya watoto wa jirani. Mabaki ya bitana yalikuwa vitambaa vya kufutia meza. Nadhani hapo ndipo kosa lake lilipozaliwa, ndani ya tabia yake nzuri kuliko zote.

Pembeni ya cherehani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, la zamani, limetoka rangi. Humo aliweka vidonge. Mtu wa nyumbani kwake akiugua malaria, akapimwa, akapewa dawa mseto, akimeza siku moja na nusu na homa ikishuka, fundi alichukua vilivyobaki akavikata na pakiti yake kwa mkasi uleule wa nguo, viwili viwili, kingo zimenyooka kana kwamba anakata kola. Kisha alifunga kila kipande kwa uzi, uzi wowote uliokuwa kwenye cherehani siku hiyo. Majirani walizoea kumletea na mabaki yao. Mtu akipita na kichwa kinamuuma, kopo linafunguliwa. Mtoto akiamka na joto, mama yake anatuma salamu kwa fundi. Mtaa ule haukuwa na duka la dawa lililo karibu kama kopo lile, wala lenye huruma zaidi, wala la hatari zaidi.

Mimi mwenyewe nilihudumiwa. Ilikuwa mwishoni mwa mvua zilizopita, nilikwenda kupimwa suti ya harusi ya binamu yangu, nikalalamika kichwa kwa sababu ya jua na vumbi la bodaboda. Fundi akatema pini alizokuwa amezibana midomoni, akafungua kopo. "Diploma, chukua hizi mbili. Meza na chai nzito. Kesho utaniambia." Viwili, vimefungwa uzi mwekundu. Nilivitazama. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imekatwa nusu na mkasi. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba dozi ya mtu mzima ni vidonge ishirini na vinne kwa siku tatu, vinne asubuhi na vinne jioni, na kwamba viwili havimtibu mtu bali vinamfundisha mdudu kuizoea dawa. Nilijua pia kwamba kichwa kuuma si malaria mpaka damu iseme. Palikuwa na watu watano kwenye benchi, dada yake fundi akiwa mmojawapo, wote wananisikiliza. Ningeweza kusema. Badala yake niliogopa kumwaibisha mwenye nyumba, na suti yangu ilikuwa bado mezani kwake imechorwa chaki. Nikatia vidonge mfukoni nikasema kwa sauti ya kuchekesha watu, "Asante fundi. Wewe bwana ndiye daktari wetu." Watu wakacheka, fundi akafurahi mpaka akasahau pini zake ziko wapi.

Sasa niwaambie kitu nilichokiona kwa macho yangu kwa miaka mingi, kwa sababu nashuku wengi wetu tunalitaja jina la ugonjwa huu bila kujua tunataja nini. Mbu jike anapokuuma hakuachii sumu, anakuachia viumbe. Vimelea hivyo vinakimbilia kwenye ini, vinajificha humo siku kadhaa vikizaana kimyakimya nawe unakula na kucheka, kisha vinatoka kwa maelfu na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu. Ukiweka tone la damu hiyo kwenye kioo, ukaitia rangi na kuinamia hadubini, unaviona: vipete vidogo vyenye nukta, vimekaa ndani ya chembe yako kama mpangaji asiyelipa. Vinakula kilichomo. Vinajisaidia humo humo, uchafu wa rangi ya kahawia unaoonekana kabisa. Vikishiba vinaipasua chembe, vinamwagika pamoja na uchafu wao, vinaingia kwenye chembe nyingine, na mtetemeko ule unaokushika mchana wa jua kali ni mwili wako ukiupokea mlipuko huo. Wakati mwingine chembe zilizovamiwa zinanata kwenye mishipa membamba ya ubongo, na mtu anaanza kuongea yasiyoeleweka, anapata degedege, anazimika. Mkojo unaweza kuwa mweusi kama chai ya rangi. Kwa mama mjamzito vinajazana kwenye kondo la nyuma na kumnyang'anya mtoto chakula kabla hajazaliwa. Nimezoea damu, kinyesi na makohozi, ni kazi yangu na nakula chakula changu vizuri baada ya hapo. Lakini vipete vile, baada ya miaka yote hii, bado vinanichefua.

Na hivyo ndivyo vilivyomuua fundi wetu. Mkewe alinieleza mwenyewe, taratibu. Mwanzoni mwa mwezi homa ilimshika, akaenda zahanati, akachomwa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dozi kamili na maelezo kamili. Hapo kila mtu alifanya kazi yake. Akameza jioni, akameza asubuhi, akameza jioni tena, na siku iliyofuata akaamka mzima, ana hamu ya ugali, na sketi za wanafunzi zinamsubiri. Akaona dawa imeshafanya kazi. Akachukua mkasi. Dawa ilikuwa imeviua vimelea vingi, si vyote, na vilivyobaki vilikuwa na nafasi tele. Baada ya wiki mbili na siku kadhaa homa ilirudi, naye hakurudi zahanati. Kwa nini arudi, wakati dawa ipo hapo mkononi? Alifungua kopo lake, akameza viwili kila asubuhi kwa siku tatu, akaendelea kushona. Siku ya nne alimwita mkewe kwa jina la mama yake mzazi. Siku ya tano walimbeba kwenye bajaji kwenda hospitali, na madaktari walipambana kadiri ya uwezo wao, lakini alifikishwa amechelewa.

Tulimzika Ijumaa. Jioni tulirudi msibani tukakaa chini ya turubai, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka upande wa baraza. Mimi nilipewa kiti karibu na cherehani, ambayo mtu alikuwa ameifunika kwa kanga. Nilichosikia hapo kilinitia hasira zaidi ya kifo chenyewe. Mzee mmoja alisema malaria haimuui mtu mzima, kuna mkono wa mtu. Mwingine akadai ni hospitali ndiyo iliyommaliza kwa sindano, maana alikwenda anapumua. Kijana wa bodaboda akasema yeye kipimo kikimwambia hana malaria hakiamini, "malaria ya siku hizi inajificha, bro, wewe meza tu." Walipokuwa wakiyasema hayo, nyuma yao bustani ya mchicha ya jirani ilikuwa imezungushiwa chandarua, kipya kabisa, kimefungwa kwenye vijiti kuzuia kuku. Ng'ambo ya njia mashimo waliyofyatulia tofali yalijaa maji ya mvua, meupe, yametulia, yanapata jua siku nzima, kama vile mtu kamjengea mbu wodi ya wazazi. Kabla ya kuhamia Mpanda nilikulia Ikola, kando ya ziwa, nikianika dagaa; nimeona vyandarua vya watoto wachanga vikitandazwa chini ya dagaa, kwa hiyo sitajifanya nimeshangaa. Lakini kule tulikuwa tunaanika riziki yetu ya kesho. Huku tulikuwa tumetoka makaburini dakika arobaini zilizopita.

Ndipo binti wa marehemu alipojikunyata. Ameolewa Kasokola, alikuja msibani na mimba ya miezi saba, na tangu mchana alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka tukidhani ni uchungu wa kufiwa. Sasa meno yalikuwa yanagongana. Shangazi yake, yule dada yake fundi, alimshika shingo akasema, "Mtoto huyu anaungua." Kisha akainuka, akaja moja kwa moja hadi kwenye cherehani, akafunua kanga, akachukua kopo.

Nilisimama. Nilisema, "Shangazi, hapana. Usimpe hizo."

"Nimpe nini basi?"

"Apimwe kwanza. Ana mimba. Akiwa na malaria anahitaji dozi kamili na wauguzi wa kumwangalia, si vipande viwili vya kopo."

"Apimwe, apimwe," akasema huku anafungua kifuniko. "Baba yake hajapoa kaburini, nyie mnataka kumkokota mtoto njiani. Hivi ni vya marehemu mwenyewe. Vimetibu mtaa huu miaka yote."

Nikaanza kueleza. Ninajua kueleza, nina sauti na nina maneno. Nilieleza ini, nikaeleza chembe nyekundu, nikaeleza kondo la nyuma, na watu walianza kutulia kunisikiliza. Shangazi alinisubiri nimalize, kisha akanigeukia mbele ya msiba mzima.

"Diploma, si ulichukua humu humu? Ulisimama hapo ulipo, ukapewa viwili, ukasema fundi ndiye daktari wetu. Mimi nilikuwepo. Au siku ile diploma uliiacha nyumbani?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Nimejibizana na mabosi wa mjini, nimejibizana na wakaguzi, sijawahi kukosa neno. Pale nililikosa, kwa sababu neno lilikuwa langu na alilirudisha vilevile nilivyolisema. Binti alikuwa ameshainuliwa, kikombe cha chai kimeshafika, na shangazi alikuwa anachagua kipande cha juu kabisa ndani ya kopo.

Mjane alikuwa amekaa ukutani. Akasema, "Wifi, nipe hicho."

Shangazi akampa akidhani anataka kumnywesha mwanawe mwenyewe. Mjane hakukielekeza kwa binti. Alikigeuza kwenye mwanga. Kisha akaomba na kopo, akaingiza mkono, akatoa vipande vingine viwili, akaviweka kwenye mkeka pamoja na kile cha kwanza. Vyote vitatu vilikuwa vimefungwa uzi wa bluu.

"Huu ni uzi wa sketi za shule," akasema. "Alizianza mwezi huu." Akavigusa kimoja kimoja. "Hivi si vya mtaa. Ni vyake. Ni vile alivyotakiwa kumeza akasema amepona."

Shangazi alitazama ule uzi, akakaa chini, na kikombe cha chai kikabaki mkononi mwake. Mjane akavifunika vile vipande kwa mkono wake akamwambia binti yake, "Amka, mama. Twende ukapimwe." Halafu akanitazama mimi, na hapakuwa na heshima wala utani katika macho yale. "Na wewe unatangulia au unabaki kuhutubia?"

Nilitangulia. Maabara yangu ilikuwa karibu kuliko hospitali, na yule kijana wa bodaboda aliyesema malaria inajificha ndiye aliyembeba binti na mama yake, akikwepa kila shimo. Mimi mwenyewe nilimchoma kidole binti wa fundi, nikatengeneza kioo, nikakitia rangi, nikainama. Vilikuwepo. Sikuhitaji kutafuta. Nilivitazama vipete vile katika damu ya mama mwenye mtoto tumboni, jioni ileile tuliyomzika baba yake, na nilitamani kukivunja kioo. Niliandika majibu, tukaenda hospitali, akalazwa, akapewa sindano na baadaye vidonge vyote, hadi cha mwisho. Mama yake alikaa kitandani pake na kuhesabu kila kimoja kikiingia mdomoni. Binti ametoka, anahudhuria kliniki, na mtoto anacheza tumboni. Mjane ameniambia kwamba shangazi ndiye anayemsindikiza, na anawagombeza wajawazito wengine kwenye foleni wanaopeleka vyandarua vyao bustanini badala ya kitandani.

Nimefikiri sana juu ya fundi. Kule mijini nilikosoma wangesema ni ujinga na kufunga mjadala. Si ujinga. Ni mtu aliyeishi mahali ambapo dawa huwa ipo leo na kesho haipo, akajifunza kubakiza, na akabakiza kwa ajili ya wengine zaidi ya kwa ajili yake. Kitambaa kinaruhusu tabia hiyo. Dawa haiiruhusu. Dozi haina mabaki, kama vile suruali haina mguu wa ziada wa kumgawia jirani. Angelielewa hilo kwa dakika moja, kwa lugha ya mkasi na kipimo, kama angeambiwa na mtu anayemheshimu. Mtu huyo alikuwepo. Alikaa kwenye benchi lake mara ngapi sijui. Alijisifia diploma yake kinyozini, kwenye harusi, na katika safu hii hii kila wiki, na siku moja tu ilipohitajika itumike, akaifanyia mzaha ili watu wacheke. Nimetumia aya nyingi leo kuonyesha kinyaa changu kwa mashimo ya maji na bustani zenye vyandarua. Sehemu kubwa ya kinyaa hicho inanihusu mimi, na sitaki kumgawia mtu mwingine.

Wiki iliyopita nilitoa kabatini suruali niliyovaa siku ile ya kupimwa suti. Mfukoni, kama nilivyoviacha, vilikuwemo vidonge viwili na uzi mwekundu. Sikuvitupa. Nimevibandika ukutani maabara, chini kidogo ya diploma, na watu wananiuliza ni vya nini. Ninawaambia. Sichekeshi mtu. Ninawaambia nani aliyevikata, kwa mkono mzuri namna gani, na nani aliyevipokea akanyamaza. Halafu ninawauliza kopo lao liko wapi, maana kila nyumba Mpanda ina kopo lake: droo, mkoba wa zamani, pembe ya kanga iliyofungwa fundo. Wewe unayesoma unalijua lilipo. Lifungue leo, uvipeleke zahanati vyote vilivyomo, na ukipewa dozi yako, imeze mpaka siku ya tatu, hata kama siku ya pili umeamka unatamani ugali.